Sumaku na Vidonge vya Damu

Kijiwe kiko kwenye kona, mbele ya kinyozi: benchi moja la mbao, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na wanaume watatu wasioishiwa maneno. Leo Sumaku alikuwa kimya. Ananunua chuma chakavu, na jina hilo kalipata kwa ile sumaku ya spika anayotembea nayo mfukoni. Isichokinasa, hakipandi mizani yake. Asubuhi bati lilimchana kidole, damu ikairukia sumaku, akaifuta kwa shati. Lakini si kidole kilichomnyima raha. Bintiye, mjamzito wa miezi saba, alilazwa jana kwa kuishiwa damu.

— Pole sana. Kwani kliniki hawakumpa vidonge? — aliuliza Kinyozi.

— Walimpa. Vya chuma, eti! Nikavipima kwa hii, hakikunasa hata kimoja. Nikamwambia feki hivyo, mwanangu, usimeze. Nikavimwaga chooni.

— Ulifanya la maana! — alidakia Redio, mlinzi wa ghala, anayejua habari kabla hazijatokea. — Kiwandani wanakinyonya chuma chote kwa sumaku kubwa kama nyumba. Sisi tunabakiziwa rangi.

— Wanakipeleka wapi? — aliuliza Kinyozi.

— Wanaundia meli.

— Acha kamba! Chuma kimo, ila kimelala. Kinaamka kikipata joto la tumbo.

— Kingekuwa kinaamka, wajawazito wangekuwa wanaganda getini!

Walicheka wawili. Sumaku alitazama kikombe chake.

Mwishoni mwa benchi alikaa mama mmoja, mwalimu wa kemia, akisubiri kiatu chake kwa fundi wa jirani.

— Shikamooni. Samahani kuwaingilia. Chuma cha kwenye kidonge kimeshikana na vitu vingine, hakiko kama msumari. Mvuto wake ni mdogo mno, sumaku ya mkononi haiusikii. Hata damu ina chuma. Hicho kidole, mzee, kilipotoka damu, sumaku iliinasa?

Redio akakohoa. Kinyozi akainua birika, lilikuwa tupu.

Sumaku aliliangalia doa la damu kwenye shati lake. Bado alikuwa anamsikia bintiye wa jana, akiwa kwenye machela, midomo imempauka, amemshika mkono:

— Afadhali uliviona mapema, baba. Ningevimeza vile, si ningekuwa nimeshakufa?

Naye alikuwa amemwitikia, ndiyo, mwanangu.