Mfuko wa Zachary: Maisha ya Mama Phelista Nangila Mukhwana, 1951–2007

"Mama Wepukhulu, hizo karatasi za mtoto aliyekufa unamwekea nani? Ama unangoja mwalimu amalize kusahihisha?"

Hilo ndilo swali ambalo Kabura, jirani wa ng'ambo ya ua, alimwuliza marehemu Mama Phelista mwaka wa 1992, wakianua nguo. Mama alikunja shati lililokuwa mkononi akaingia ndani. Leo atajibiwa, na si Kabura peke yake. Agneta, dada mdogo wa marehemu, anayesoma maneno haya, aliombwa na wazee ayalainishe. Ameliombea jambo hilo kwa Mungu, na amekataa.

Marehemu alizaliwa Sirisia tarehe 12 Machi 1951. Alisoma huko huko hadi darasa la nne, akatolewa shule mwishoni mwa 1963 ili kaka zake wasome. Vitabu vyake vinne vya mazoezi, vyenye alama nyekundu za mwalimu, alivificha juu darini jikoni. Baba yake mdogo akavipata, akawa anasokotea tumbaku ukurasa baada ya ukurasa, na kumtuma Phelista mwenyewe amletee kijinga cha moto. Msichana wa miaka kumi na miwili alisimama pale akaona hesabu zake zikigeuka moshi. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyesema ni vibaya.

Tarehe 15 Agosti 1970 alifunga ndoa kanisani na Mzee Mukhwana wa Misikhu, wakanunua shamba nje ya Kitale, hapa tulipokaa. Mungu aliwapa Wepukhulu, Mukhisa, Zachary na Nasimiyu. Mzee alitangulia mwaka wa 1999.

Kuanzia 1974 hadi 2001 Mama alishona sare za shule katika duka la Bi Kaushalya mjini Kitale. Bi Kaushalya alimwambia, "Phelista, mabaki ni yako, chukua," lakini mabaki hakuyataka sana. Alichotaka ni sare ya kwanza ya kila mtoto wake, ikishambana. Aliifumua, akaishona upya kuwa mfuko wenye mifuko midogo minane ndani, mmoja kwa kila darasa.

Na asidhani mtu kwamba alikuwa mrundikaji wa takataka. Kila Desemba, shule zikifungwa, alitandika mkeka, akamketisha mtoto na karatasi zake zote za mwaka. Ripoti zote zilibaki. Kisha mtoto alichagua kitu kimoja tu kwa kila muhula, aseme kwa nini, na Mama aandike juu yake jina, darasa na tarehe. Mengine yote yalikwenda kuwashia jiko, na mtoto mwenyewe ndiye aliyewasha. Mifuko ilikaa ndani ya sanduku la bati, juu ya matofali yaliyozungushiwa jivu kuzuia mchwa. Wanawake wa kanisa walikuja kujifunza kwake, na yeye hakumnyima mtu.

Zachary alifariki tarehe 9 Juni 1991 kwa malaria, akiwa darasa la tano. Mfuko wake ulikuwa na ripoti kumi na tatu, na vitu kumi na viwili alivyovichagua, vikiwemo daftari la insha na saa ya kadibodi ambayo mishale yake ilishikwa na mwiba. Alikuwa ameielekeza saa kumi, wakati wa kutoka shule, akakataa isogezwe. Katika ripoti ya mwisho mwalimu aliandika, "Ana akili, apunguze maneno." Mama alikuwa akiisema sentensi hiyo akipepeta mahindi, huku akicheka peke yake.

Mwaka wa 2003 alipatikana na ugonjwa wa sukari. Agosti 2006 alizirai, akalazwa Kitale siku tatu bila kujitambua, Nasimiyu akiwa kando ya kitanda. Mtu asiyejulikana hadi leo akapeleka habari Misikhu kwamba Mama ameaga. Hakuna aliyefika hospitalini kuuliza. Watu walikuja moja kwa moja na mabenchi. Shemeji yake, Makokha, akaamuru nyumba isafishwe kwa ajili ya waombolezaji. Sanduku likafunguliwa. Mifuko mitatu wakairudisha. Wa nne wakaumwaga.

"Hii ya mtoto ndiyo ilikuwa inaita kifo kwa hii boma," Makokha akasema. Karatasi zote, pamoja na ile saa, wakawashia moto wa chai.

Asubuhi iliyofuata Nasimiyu alishuka kutoka hospitali akakuta hema.

"Mnamlilia nani?" akauliza. "Mama amekunywa uji!"

Kuna waliokuwa wakilia wakasahau kunyamaza. Hapo ndipo Kabura, yule yule wa swali, alipotazama mekoni akaona mama mmoja akiepua sufuria kwa kitambaa cha buluu chenye mifuko midogo.

"Wewe! Hiyo ni shati ya Zachary!" Akamnyang'anya. Chai yote ikamwagika.

Makokha alisema nini? "Si ni makaratasi tu?" Makaratasi! Mtu ambaye hati yake ya shamba inalala ndani ya kabati lenye kufuli anaziita ripoti za mtoto makaratasi. Tumesali naye kanisa moja tangu siku ile, na neno pole hajalitoa.

Mama alirudi nyumbani, akaufua ule mfuko mara tatu. Masizi hayakutoka. Kabura akaja akaketi kwenye mkeka.

"Mama Wepukhulu, nilikuuliza vibaya ile siku."

"Uliuliza."

"Unajua alikuwa anapita kwa ua wangu na ile saa yake? Ati, 'Mama, ni saa kumi, nipe chai.' Kila siku saa kumi, hata asubuhi."

Mama alicheka hadi akajipangusa macho. Kisha akampa kalamu. "Iandike. Weka tarehe." Hiyo ndiyo karatasi pekee iliyomo ndani ya mfuko wa Zachary leo.

Mama Phelista alilala katika Bwana nyumbani kwake alfajiri ya Alhamisi, tarehe 18 Januari 2007. Ameacha Wepukhulu, Mukhisa na Nasimiyu, wajukuu saba, dada yake Agneta, na shemeji yake Makokha, ambaye ameketi mstari wa mbele. Mungu ampumzishe mahali ambapo mwanawe anamngoja na maneno yake mengi.

Ukurasa wa nyuma wa programu hii umeachwa mtupu kwa makusudi, na wajukuu watapita na penseli. Mama mwenyewe aliagiza hivyo, siku mbili kabla hajaaga:

"Msininunulie maua. Kila mtu aandike kitu kimoja anachokumbuka cha Zachary, hata kama alimwibia mapera. Aweke jina na tarehe. Makokha aanze, kwa sababu ni yeye alimfundisha baiskeli."