Wasifu wa Mama Atuganile

Kijiwe cha Makandana kinatazamana na nyumba ya msiba, ng'ambo ya barabara, nacho hakifungwi kwa msiba wala kwa mvua. Kwa mvua ya Tukuyu kingekuwa kimefungwa tangu Uhuru. Siku hiyo, kuelekea saa sita mchana, wanaume walikuwa kwenye benchi chini ya bati la kinyozi, vikombe vya kahawa mkononi, wakimsaidia Hosea kuandika wasifu wa shemeji yake, Tumpe, mke wa kaka yake Andongwisye, ambaye wote walimwita Mama Atuganile. Maziko yalikuwa saa nane. Hosea, waliyembatiza Katibu kwa kuwa ndiye mtunza tarehe za ukoo mzima, hakutaka kusoma uongo mbele ya jeneza. Wasifu wa watu wengi umejaa “alipendwa na wote”. Yeye alitaka jambo moja lenye uhakika.

– Andika alikuwa mcha Mungu, alisema Redio, aliyepewa jina hilo kwa kukosa swichi ya kuzimia.

– Hilo limo. Nataka alichokifanya.

– Si alipika misibani? alisema Soko Huria, ambaye tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kahawa ya wakulima, alikuwa amenunua kila kitu isipokuwa kahawa. Nani amezikwa huku bila Mama Atu kushika mwiko?

– Tena bila kulipwa, alisema Redio.

– Bila hata kuitwa! Andika: mwenda pole hajikwai.

– Alikuwa anakimbia, alisema Hosea.

– Ndiyo maana hakujikwaa.

Hosea alinywa kahawa yake.

– Jumamosi ile alipozikwa mzee Simon kule Kisiba, aliendelea Soko Huria, nilimwona kwa macho yangu anamenya ndizi.

– Jumamosi ile ile alikuwa Matwebe, kwenye msiba mwingine, alisema Redio. Nilikula mwenyewe. Ndizi na maharage.

– Basi alikuwa na pacha.

– Hakuwa na pacha, alisema Hosea. Ndugu zake wote ninao hapa kwenye karatasi.

– Pacha wa namna hiyo haandikwi, Katibu.

– Pacha wa nini! Redio alisogea mbele. Yule mama alikuwa anapata habari mapema. Mgonjwa bado anakunywa uji, yeye keshapasua kuni. Shemeji yangu alimwona anapita na sufuria kichwani, akaanza kuumwa pale pale.

– Akafa?

– Akapona. Lakini alikuwa ameshaaga.

– Mimi nasema ulikuwa mradi, alisema Soko Huria. Siku hizi hakuna cha bure. Kuna wazungu mahali wanalipa kwa kichwa.

– Kichwa cha nani?

– Cha marehemu.

– Ameacha kanga mbili, alisema Hosea.

– Ndio ujanja wenyewe huo, ndugu yangu!

Hosea alikumbuka shemeji yake akirudi jioni, nguo zikinuka moshi, akianza upya kumpikia mumewe na watoto. Alijaribu kukumbuka alikuwa akila saa ngapi. Hakukumbuka, na kwa hiyo hakuandika.

Hapo ndipo alipovuka barabara Mwalimu Charles, aliyehamishiwa hapa kutoka Singida, koti likichuruzika maji.

– Shikamooni, wazee. Poleni sana.

– Marahaba, Mwalimu. Karibu, kahawa ipo.

– Ahsanteni. Naomba kuuliza tu, maana sijazijua taratibu za huku. Wageni wa Kisiba na Matwebe wamejaa uani, wengine wametembea tangu alfajiri. Nani anapika?

Redio alimtazama Soko Huria.

– Akina mama si wapo?

– Wapo ndani wanalia. Wanasema wanasubiri mtu wa kuwapangia kazi. Nimeuliza sufuria kubwa ziko kwa nani, kila mmoja ananiambia ziko kwa Mama Atuganile. Nyumbani kwake ni hapo hapo msibani, ila hakuna ajuaye ameziweka wapi.

Hosea alitazama ng'ambo, akatafuta moshi juu ya paa la jiko. Haukuwepo. Akachukua kalamu, akaandika taratibu, kwa mwandiko wake wa kusimama: “Siku ya maziko yake, hadi saa sita mchana, jikoni hapakuwa na moto.”

Alikunja karatasi, akavua koti lake la msiba na kwenda kutafuta shoka. Wenzake wakamfuata mvuani. Katikati ya barabara Redio aliuliza, kwa sauti ya chini, ndizi za watu wengi namna ile zinatiwa maji kiasi gani.