Mkuku, Mataruma, Kalafati

Fundi mstaafu wa kuunda vyombo vya mbao alikuwa ndani ya basi, akimsikia dada mtu akibishana na mdogo wake kwenye kiti cha mbele.

"Tangu apooze Baba anaweweseka tu," alisema mdogo. "Juzi mkuku, jana mataruma, leo kutwa kalafati. Likizo imekwisha, nawahi treni."

"Akili zake timamu, mdogo wangu."

Fundi akashindwa kujizuia. "Wanangu, huo ni uti wa chombo, halafu mbavu zake, halafu pamba ya kuziba nyufa. Mzee anaunda jahazi, wala hakosei mpangilio."

"Baba ni mwashi wa nyumba," alipinga mdogo.

"Basi kabla ya nyumba aliunda vyombo."

Mdogo akageuka. "Na baada ya kalafati?"

"Kushua. Kukiingiza majini. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja."

Basi likasimama stesheni ya treni. Fundi akashuka, wale wawili wakabaki wameketi.