Mwalimu Duara na Darasa la Ndani ya Geti

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwalimu wa kituo chetu cha mahabusu ya watoto anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha. Watoto humwita Mwalimu Duara. Mimi, matroni wa bweni la wasichana, nimeombwa niandike habari zake kwa ajili ya jarida letu. Kalamu si kazi yangu, lakini nimemchungulia dirishani miaka mingi, na nikikaa kimya Mungu ataniuliza.

Kilichonipeleka dirishani ni swali moja: mtu anamfundishaje mtoto ambaye kesho huenda hayupo? Watoto wetu wanasubiri kesi. Leo analetwa aliyeachia shule darasa la nne, kesho wa darasa la saba anaitwa mahakamani na harudi. Wote wanasoma chumba kimoja.

Mwanzoni Mwalimu alifundisha kama alivyozoea huko nje. Ijumaa moja akawakatizia hadithi palepale patamu, akaahidi kuimalizia Jumatatu. Jumatatu nusu ya darasa hawapo. Mmoja wao, aliyehamishiwa kituo kingine, akamtuma dereva wa gari la mahakama aje aulize iliishaje. Dereva akapewa mwisho, akaufikisha miguu juu kichwa chini, ikabidi arudishwe na maelezo mapya. Tangu hapo somo la Mwalimu likianza asubuhi, linaisha kabla ya kengele ya chakula.

Tena hakuwahi kumuuliza mtoto amefanya nini. Sisi wengine midomo ilikuwa inatuwasha! Yeye alitaka kujua tu mtoto ameishia wapi kwenye kugawanya.

Jina la Duara lilitokana na bikari, kile kifaa cha kuchorea duara. Ina ncha ya chuma, na kwa sheria ya geti letu hiyo ni silaha. Kwa hiyo Mwalimu alichora duara sakafuni kwa kamba na chaki, watoto wakimzunguka huku wanacheka.

Kisha akaja binti mmoja bwenini kwangu, tukamwita Wakili kwa sababu alitetea wenzake hata pale ambapo hakuna aliyewashtaki. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulimkuta humu ndani. Shangazi yake alishasema wazi: akifaulu atamsomesha sekondari, akiukosa shule basi. Na mtihani wa hisabati hauna kamba wala sakafu, unataka bikari. Mkuu wa kituo akakataa katakata. Alisema akipitisha bikari leo, kesho Mwalimu atamwomba kisu cha kufundishia sayansi.

Mwalimu akakata kipande cha boksi la sabuni, akatoboa matundu mawili, akachomeka penseli mbili: moja imesimama, nyingine inazunguka. Boksi lilikuwa laini, tundu likapanuka, mstari ukaanzia hapa ukaishia kule. Wakili akamwambia, Mwalimu, hilo ni yai. Wakahamia kwenye majalada ya vitabu vilivyochakaa, na hapo duara likakubali.

Ikabaki ofisi ya mitihani. Afisa akasema kifaa hicho hakitambuliki. Mwalimu hakubishana, aliweka karatasi mezani akamwomba ajaribu mwenyewe. Afisa akachora duara moja. Akachora la pili, kubwa zaidi. Akamwita na katibu wake aje aone. Ruhusa ikatoka.

Asubuhi ya mtihani nilisali na Wakili, akaingia chumbani na kipande chake cha jalada. Mwalimu hakuruhusiwa kuingia. Alikaa nami kwenye benchi la walinzi, chai ikapoa mkononi bila kuonjwa.

Majibu yalipokuja binti alikuwa ameshaachiwa. Alifaulu, na shangazi akatimiza neno lake. Lakini ninachokumbuka mimi ni pale alipotoka chumbani. Hakushukuru, hakulia. Alikunja uso, akaanza kulalamika kwamba swali la mwisho ni uonevu mtupu, na aliyelitunga hana watoto. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani ajifute macho. Miaka yote hiyo alikuwa akitafuta jambo hilo tu: mtoto wetu anung'unikie mtihani kama mtoto yeyote mwingine.

Mwalimu, asante kwa kutufundisha hata sisi wa dirishani. Mungu akupe afya, usingizi mzuri, na wajukuu wabishi kama Wakili. Maisha mema, ndugu yetu.