Chupa ya Nane ya Hajarah

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu haijatulia, mtanisamehe. Tumemzika Hajarah Nakisige, mfamasia wa Namakwekwe hapa Mbale. Mzaliwa wa Walukuba, Jinja, ambako tangu mdogo aliwasomea majirani maandishi ya pakiti za dawa.

Wateja wake walilalamika kwamba jeli ya maumivu ya viungo inakawia kuingia mwilini. Hajarah akaiyeyusha kwa spiriti. Akajipaka magotini mwezi mzima. Salama kabisa. Basi akajaza chupa nane, akauza. Chupa nane.

Jamani! Hajarah alivaa gauni la kufika vifundoni. Magoti yake hayakuonja jua hata siku moja. Wiki haikuisha, mama mmoja mkulima akarudi, miguu imebabuka, malengelenge matupu.

 Hajarah akaiweka dawa ile dirishani, sehemu kwenye maji, sehemu kwenye spiriti. Dawa ile ile, jua lile lile. Ya spiriti ikageuka rangi upesi, ya maji ikakawia. Chuoni alifundishwa kwamba dawa hiyo haipatani na jua, na kwamba kinachoiyeyusha hubadilisha mwenendo wake kwenye mwanga. Alifundishwa, akasahau.

Akaanza kuzisaka chupa. Saba akazipata. Ya nane ilichukuliwa na mzee wa Busiu, na jina hakumuuliza. Mumewe, Nasuru, ananiambia: "Mimi namwambia, Mama Shakul, pumzika, presha yako iko juu. Yeye anasema, huyo mzee kesho ataingia shamba amekunja suruali."

Jumatano presha ikamwangusha palepale Busiu, kwenye kituo cha teksi, akiuliza watu. Nilitaka kuwaambia kwamba amepumzika. Nasuru akanikatiza: "Usiwadanganye watu, bwana. Hakupumzika."

Poleni sana, Nasuru, Shakul na ukoo mzima. Mungu amrehemu. Nasi tujiulize: ni mara ngapi kitu kimetufaa sisi, tukadhani kitamfaa kila mtu?

Na wewe mzee wa Busiu, kama unanisikia: chupa ni nyeupe, haina kibandiko. Usijipake tena. Kama umeshajipaka, funika miguu wiki kadhaa, na uende kituo cha afya. Halafu piga simu hapa studio, tafadhali. Nasuru amekaa kando yangu, anaiangalia simu.