Fundi Rula na Gari la Daktari wa Meno

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Rula kwa kuwa hakutoka nyumbani bila rula mfukoni, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili wa seremala wa mabehewa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1963, kisha miaka miwili ya ufundi wa chuma. Hesabu aliziweza. Kwenye kuimba, dada yake anasema, mwalimu alimwomba afungue mdomo tu, asitoe sauti.

Mwaka 1967 aliajiriwa kunyoosha bodi kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mikate. Hapo, Juni 1971, lililetwa gari la Kitaliano la milango miwili, la mwaka 1963, rangi ya kijivu, mali ya daktari wa meno. Lilikuwa limegonga ukingo wa daraja, na chuma cha chini ya mlango kilipasuka. Kukichomelea kulihitaji siku nne. Daktari alilitaka baada ya mbili. Marehemu aliuziba ufa kwa puti, akapiga msasa, akapaka rangi, akamwambia daktari kwamba amechomelea. Hakumweleza mtu.

Tarehe 6 Septemba 1975 alimwoa fundi cherehani wa mtaa wa pili, wakajaliwa watoto watatu.

Gari nalo lilihama mikono. Daktari alimuuzia mwenye hoteli, aliyelipaka rangi nyekundu. Huyo akamuuzia mfanyabiashara wa mbao, aliyelipaka nyeupe, kisha akalisahau stoo, kuku wakawa wanataga kiti cha nyuma. Alipofariki mwaka 1990, mjane wake alimwita marehemu, ambaye sasa alikuwa na gereji yake, akamwambia alichukue bure, mradi kuku nao wahame.

Marehemu alikwangua nyeupe, akakwangua nyekundu, akafika kwenye kijivu, kisha kwenye puti yake mwenyewe. Nyuma yake ufa ulikuwa umerefuka kuliko rula. Mkewe alimkuta ameketi sakafuni, akaelezwa yote. Hakumlaumu, aliuliza tu daktari anaishi wapi siku hizi.

Kesho yake marehemu alimfuata na kukiri.

“Niliuza gari nililolipenda kwa sababu mlango ulilia kila kona,” daktari alisema. “Nikadhani ni mimi nisiyejua kuendesha.”

Kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu cha maelekezo ya gari na ufunguo wa akiba, vilivyobaki kwake tangu aliuze.

“Haya, kalichomelee.”

Kazi ilichukua miaka kumi na moja. Kioo cha mbele peke yake kilitafutwa miaka mitatu. Mkewe alishona viti na kuvifumua mara mbili, mara ya tatu akamwambia mumewe kama hapendi mshono huo, basi sindano ile pale. Mei 2001 daktari, akiwa na miaka themanini na mmoja, aliliendesha wa kwanza. Alizunguka kona zote za mtaa, dirisha wazi, akisikiliza.

Mwaka 2019 mapafu ya marehemu yalianza kumsumbua, akaiacha gereji mikononi mwa binti yake mkubwa. Mguu uliposhindwa klachi, mkewe, akiwa na miaka sitini na sita, alijifunza kuendesha ili ampeleke kliniki kwa gari hilohilo. Wiki ya mwisho marehemu alimwambia, “Unaendesha vizuri kunishinda. Ila mafundi wasijue.” Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 9 Agosti 2022, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha dada, watoto watatu, wajukuu saba, na mjane, ambaye leo ameendesha mwenyewe kuja hapa. Fundi wetu, weka chini nyundo. Pumzika kwa amani.