Slipa ya Ndoano

Sogeeni, wanangu, Awiti hapa kichwani na wewe Austine miguuni, na mzime hiyo redio, maana pumzi iliyobaki sitaki kuishindanisha na mtu wa matangazo. Nyumba hii ya Kiganjo ni ya kupanga, haina urithi. Baiskeli ni ya Austine. Shamba la Uyoma mgawane kwa mpaka wa miti, wazee wa huko wanaujua. Kilichobaki ni slipa kuukuu nilimochomeka ndoano zangu, na njia ya kwenda bwawani. Na njia ndiyo inayonikosesha usingizi.

Itazameni slipa. Hizi ndogo za mbele, zenye mguu mrefu, ni za ngege, yaani sato, mwenye mdomo mdogo na tabia ya kuonja, mtilieni mnyoo. Dukani msidanganyike: namba ikipanda, ndoano inapungua. Hizi pana ni za kambare, huyo mpeni utumbo wa kuku, ugali au kipande cha sabuni. Hii ya kisigino, ambayo ncha yake imepinda kutazama ndani, msiivute ghafla. Mwacheni samaki aende zake, itamshika yenyewe pembeni mwa mdomo. Ile kubwa ya mbuta, yaani sangara, nilikuja nayo kutoka ziwani, hapa haina kazi, lakini haijashika kutu.

Sasa Austine, sikiliza bila kununa. Ulianika kamba ya ndoano za kambare kwenye seng'enge ya jirani yetu Chege, chambo cha ugali kingali juu yake, ukaenda kutazama mpira. Kondoo wake akafuata ugali, akanasa mdomo. Chege akaja mlangoni, akaniuliza, "Mzee Nicanor, siku hizi samaki wenu wana sufu?" Awiti, usicheke. Wewe Austine ukamjibu kwamba kondoo wake hana adabu, anakula vya watu. Kesho yake akafunga kijia cha bwawani kinachopita shambani mwake, na upande wa pili wa bwawa ni jabali tupu la machimbo. Samaki wa bwawa hilo ndio dada yako anaowauza sokoni Gitothua, ndio wanaosomesha wanawe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ni kweli mkono mtupu haulambwi, lakini Awiti, ulipompelekea kambare wa kuomba radhi, ikawa tumemtukana mara ya pili. Chege ni mtu wa zamani, kwake kambare ni nyoka wa majini. Kila mdomo una chambo chake. Austine, kata majani ya napia, mzigo mzima, uyabebe kwa baiskeli umpelekee kondoo. Chukua na koleo, ukae mbele ya Chege uzibane ndoano zako moja moja, kile kijino cha nyuma kilale, ili siku nyingine zichomoke bila kurarua nyama. Usiseme mengi.

Slipa ni ya Awiti. Najua mila humpa mwana wa kiume chombo cha baba, lakini chombo humfuata anayekirudisha mahali pake.

Austine, ishike slipa, mkono wangu umekuwa mzito. Awiti, chomoa hiyo ya mbuta, ni ya ndugu yako... si kiganjani, mama! Ndoano haipokewi kiganja kwa kiganja. Ichomeke tena slipani kwanza... naye aichomoe mwenyewe. Ndivyo.

Mungu awape maji... awape na wa kuwapisha njia. Nimewabariki wote wawili.

Austine, usikae hapo ukinitazama. Nenda ukakate majani... jua bado halijawa kali.